Mkaguzi Nambari 417

Loretta Petrak aliiona alama ya mwanawe akiwa amesimama jikoni, koti la kazi bado mwilini na funguo za basi la shule mkononi. Arobaini na moja nukta mbili. Akaisoma tena, akidhani pengine simu imeruka tarakimu. Ilikuwa hiyo hiyo, imeandikwa kwa rangi nyekundu mbele ya jina la Milan Petrak, mlinzi wa kushoto wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo cha Marlow, na chini yake watu wasiomjua hata kwa sura walikuwa wameshaanza kumtukana.

"Emil!" aliita kuelekea ngazi za chumba cha chini. "Hebu panda uone walichomfanyia mtoto!"

Emil alipanda polepole, mkono kiunoni. Mgongo wake ulikuwa umeishia kwenye uwanja wa sekondari ya Kettle Run, alikofundisha walinzi, wale wa mstari wa mbele wanaomkinga mrushaji mpira, kuinama na kusukuma kwa miaka ishirini na mbili. Ukocha ulipomshinda alipata kazi ya kukaa. Kampuni moja ya takwimu ilimlipa kutazama picha za mechi za vyuo na kumpa kila mchezaji alama, tukio moja baada ya jingine, tangu mpira uanzishwe hadi filimbi ilie.

"Aliyempa hii ni nani?" Loretta alimsukumia simu usoni.

"Hawaandiki majina. Kila mkaguzi ana nambari yake tu."

"Basi nambari yake ilaaniwe. Huyo hana mtoto, nakwambia. Mtu mwenye mtoto hawezi kukaa kitako akamwandikia mtoto wa mwenzake arobaini na moja."

Emil alifungua friji, akachungulia ndani, akaifunga bila kutoa kitu.

"Si unafanya kazi na watu hao hao? Wapigie simu!"

"Mambo hayaendi hivyo, Loretta."

"Yanaendaje? Niambie mimi dereva wa basi, yanaendaje?"

Hakumwambia. Nitawaambia mimi, maana nimeishi Kettle Run miaka mingi, nawajua watu hawa, na jambo hili limenikaa kooni. Aliyeandika arobaini na moja nukta mbili alikuwa Emil mwenyewe.

*

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Kila mechi hukaguliwa na watu wawili. Wa kwanza anaandika alama, wa pili anapitia, anathibitisha au anabadilisha, kisha anaweka nambari yake chini ya karatasi. Juma hilo mkaguzi wa pili wa mechi ya Marlow aliugua, na msimamizi wao, msichana mmoja anayeitwa Shelby, akaisukuma kwa Emil bila kujua lolote. Kwenye ukurasa wa kwanza kuna kisanduku kidogo kimeandikwa: Nina ndugu katika mechi hii. Ukikibonyeza, mechi inakwenda kwa mtu mwingine.

Emil alikipelekea mshale. Akauacha hapo. Akawaza kwamba akibonyeza, mwanawe atapelekwa kwa kijana fulani ambaye hajawahi kugonga mtu bega maishani mwake.

"Bora niwe mimi," alisema peke yake. "Mimi nitamtendea haki."

Haki! Laiti angesema huruma tungekuwa tunazungumza mengine.

Yalikuwa matukio sitini na nane. Mchezaji akifanya lililotarajiwa anapata sifuri, akizidi anaongezwa, akikosa anakatwa, mpaka mbili kila upande, kisha kampuni inayapika yote kuwa alama moja juu ya mia. Mkaguzi wa kwanza alikuwa amemwongeza Milan nusu katika tukio la saba. Emil alijiuliza kama angempa nusu hiyo mtoto wa jirani. Akaifuta. Akafuta nyingine kwenye tukio la kumi na tisa, na nyingine kabla ya mapumziko. Hakuna aliyemshtaki kwamba anapendelea, lakini alikuwa anajitetea kama mtu aliye kizimbani.

Halafu likaja tukio la hamsini na tatu. Marlow walikuwa nyuma kwa pointi mbili. Corbin Yates, anayesimama katikati ya mstari na kuanzisha mpira, alimpa mrushaji mpira, na walinzi wote watano wakasogea kulia. Milan naye akasogea kulia. Mtu wa nje wa wapinzani, upande wa kushoto, akabaki bila wa kumzuia, akaja mbio na kumpiga mrushaji mgongoni, mfupa wa bega ukavunjika. Uwanja mzima ulinyamaza. Hata kwenye picha zisizo na sauti unaona watu walivyonyamaza.

Mkaguzi wa kwanza alikuwa ameweka sifuri, na pembeni yake alama ya kuuliza. Sijui huyu alikuwa wa nani, aliandika. Ndiyo kanuni yao. Mkaguzi hakai kikaoni na timu, hajui walipangiana nini, kwa hiyo akiwa na shaka anaweka alama ya kuuliza na kuendelea.

Emil hakuwa na shaka. Aliirudisha picha mara kumi na moja, na kila mara uhakika ulizidi. Tangu Milan ana miaka tisa, huko nyuma ya nyumba, alimfundisha neno moja: mtu wa nje ni wako. Aite yeyote, aseme yeyote, mtu wa nje ni wako. Akaifuta alama ya kuuliza. Akaandika kutoa mbili. Kisha akaweka nambari yake, ile ambayo Loretta alimwandikia kwenye kipande cha plasta na kukibandika pembeni ya kompyuta kwa sababu alikuwa anaisahau kila siku: 417.

Akapanda juu, akala sahani mbili za kabichi iliyoviringishiwa nyama, akijiona mtu mnyoofu. Hapo ndipo panaponiuma kuliko pote.

*

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa parokia, na Milan alikuwa amekuja nyumbani kufuliwa nguo. Yeye ni mtu wa futi sita na nusu, hana pa kujificha. Alipoingia tu, Bernie Kosko, aliyekuwa anagawa viazi, akapaza sauti.

"Arobaini na moja! Karibu! Nishikie huo mlango, kijana. Au na mlango nao utakupita?"

Watu wakacheka. Milan naye akacheka, akashika mlango kwa mikono miwili, akawapitisha wazee watatu. Loretta alirudisha sahani yake mezani kwa kishindo.

"Bernie, wewe ulicheza wapi? Kumbusha watu, ulicheza wapi?"

"Natania tu, mama."

"Mimi si mama yako. Na viazi vyako vibichi."

Kwenye gari, Loretta alikaa nyuma, bado anafoka na nafsi yake. Emil alishika usukani, macho barabarani. Swali lilikuwa limemchoma juma zima, akalitoa.

"Yule mtu wa nje. Alikuwa wako?"

Milan aligeukia dirisha. "Baba, achana nayo."

"Nauliza tu."

"Si wewe uliyetufundisha? Hatutaji mtu. Kosa la mstari ni la mstari wote."

Ni kweli, hiyo ilikuwa amri yake nyingine. Walinzi hawasemi nje nani alimwacha nani, hata kwa mama zao, hata wakitukanwa. Emil alilijua hilo vizuri, na bado alilisikia jibu alivyotaka kulisikia. Mwenye hatia ndiye hukwepa, aliwaza. Akashusha pumzi, akalala vizuri usiku huo.

*

Msimu ulipokwisha, Marlow walimfukuza kocha wao, wakaleta mwingine anayeitwa Rusk. Rusk hakuwa mtu mbaya. Alikuja na kijana wa kompyuta, na kwa sababu hakumjua mchezaji hata mmoja, alisoma namba. Aliwaita mmoja mmoja. Milan alikalishwa kwenye kiti kidogo, magoti karibu yamfike kidevuni.

"Tumeweka kiwango chetu cha chini kuwa sitini," Rusk alisema. "Wastani wako wa msimu ni hamsini na tisa nukta moja."

"Bado nukta tisa, kocha."

"Najua. Ulikuwa sitini na moja hadi ile mechi ya Novemba. Arobaini na moja ndiyo iliyokushusha." Alimsogezea karatasi. "Hili tukio la hamsini na tatu. Lingekuwa sifuri tu, tungekuwa tunapanga mazoezi hapa. Una la kusema kuhusu hilo?"

Milan aliisoma karatasi kutoka juu mpaka chini. Alipofika chini kabisa alikaa hapo muda mrefu, mpaka kijana wa kompyuta akakohoa.

"Una la kusema?" Rusk alirudia. "Kama alikuwa wa mwingine, niambie. Sasa hivi. Nitasikiliza."

"Sina, kocha."

"Pole sana, kijana. Ufadhili wako unaishia Mei. Tutakuweka kwenye orodha ya wanaohama, chuo kingine kinaweza kukuchukua."

"Naweza kubaki na hii karatasi?"

"Chukua. Tunazo nyingi."

Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu awe mwalimu wa hesabu, na bila ufadhili ule mwaka wa mwisho ulikuwa mbali nao kuliko mwezi. Nyumba ile ilikuwa na mshahara wa basi na vijisenti vya Emil, basi.

Nyumbani Loretta aliidai karatasi hiyo. "Lete niione. Niione nambari ya huyo mshenzi."

"Nimeitupa, mama."

"Umeitupaje?"

"Nimeitupa. Ya nini?"

Hakuona maana ya kurudi bwenini, akasubiri nyumbani simu za vyuo vingine. Juma la kwanza, kimya. Juma la pili kocha mmoja wa chuo kidogo huko Indiana alipiga, akamsifu ukubwa na miguu, halafu akauliza taratibu, "Na ile arobaini na moja, nini kilitokea?" Milan akamwambia ulikuwa mchana mbaya. Kocha akasema atapiga tena. Siku tatu Milan alikwenda na simu hadi chooni. Siku ya nne alikwenda kuomba kazi ya kupakia matairi kwenye ghala lililo kando ya barabara kuu.

*

Siku tatu kabla ya Krismasi, mchana, Emil alikuwa anamwaga chumvi kwenye ngazi za mbele ili barafu iyeyuke. Gari dogo likasimama na Corbin Yates akashuka, amebeba sanduku la viatu na nguo ambazo Milan aliziacha bwenini.

"Shikamoo, kocha. Milan yupo?"

"Yuko ghalani mpaka saa kumi. Weka hapo kibarazani. Ingia upate kahawa."

Corbin aliweka sanduku lakini hakuingia. Alisimama anachezea kofia yake, macho yamemwiva.

"Sitaki kahawa yenu, kocha. Siwezi hata kumtazama mama Petrak."

"Kwa nini?"

"Ina maana Milan hakukwambia? Hata wewe?"

"Aniambie nini?"

"Yule mtu alikuwa kosa langu." Corbin alifuta pua kwa mkono wa koti. "Mimi ndiye ninayesoma hatari na kupiga kelele. Nikisema Reno, wote watano tunakwenda kulia, hata kama nyumba inaungua kushoto. Hiyo ndiyo sheria ya Marlow. Nilisema Reno. Hatari ilikuwa kushoto, sikuiona. Milan aliiona, kocha! Aliniambia baadaye, alimwona yule mtu. Lakini mimi nilishasema Reno, akaenda kulia, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana. Alifanya sawasawa kabisa."

Chumvi ilikuwa inamwagika kutoka kwenye kopo, lundo zima likianguka mahali pamoja.

"Nilitaka kwenda kwa Rusk," Corbin aliendelea. "Milan akanishika shati. Akasema nikienda tutaondoka wawili badala ya mmoja, na mimi nina mtoto njiani. Akasema, hatutaji mtu. Akasema ndivyo baba yake alivyomlea."

"Nenda nyumbani, Corbin," Emil alisema.

"Umenikasirikia, kocha?"

"Sijakukasirikia wewe. Nenda nyumbani, barabara zinateleza."

Alishuka chumba cha chini akampigia Shelby. Alimweleza yote, kisanduku alichokiacha, alama ya kuuliza aliyoifuta, na kwamba mchezaji yule ni mwanawe.

"Mzee Emil, karatasi hufungwa baada ya siku kumi. Sasa hakuna anayeweza kuzigusa, hata mimi."

"Iandike tu kwamba nilikosea. Mahali popote. Pembeni."

"Hakuna pembeni." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulimuumiza zaidi. "Unajua pia kwamba lazima nikuondoe kazini?"

"Niondoe, binti yangu. Lakini yule wa kwanza. Aliyeweka alama ya kuuliza. Ni nani?"

"Siruhusiwi kusema."

"Mwambie alikuwa sahihi."

Alikata simu akalia. Mtu mzima, kichwa mezani, alilia mpaka miwani ikajaa ukungu. Mgeni asiyemjua mwanawe alikuwa amemhurumia kwa kiasi cha kusema sijui, na yeye aliyemzaa alikuwa amesema najua.

*

Siku ya mkesha wa Krismasi Milan alirudi kazini mapema, mikono imemkauka kwa mpira wa matairi. Emil alimkuta gerejini akivua buti.

"Corbin alikuja juzi."

Milan aliacha kuvua. "Alisema?"

"Alisema." Emil alishika ukingo wa meza ya kazi. "Mwanangu, kuna jambo. Ile mechi, mkaguzi wa pili..."

Milan alitoa pochi. Ndani ya pochi akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeshaanza kuchanika, akamwekea baba yake mkononi. Chini kabisa palikuwa na tarakimu tatu.

"Naijua nambari hiyo, baba. Iko kwenye kompyuta yako kwa maandishi ya mama."

"Tangu ofisini kwa Rusk unajua?"

"Tangu ofisini."

"Na hukusema. Alikuuliza, na hukusema. Ulikaa mezani kwangu majuma haya yote ukanipa chumvi nikiomba chumvi."

"Ningesema nini?"

"Uniulize! Uniulize kwa nini!"

"Haya. Kwa nini?"

Emil alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi tayari, kuhusu haki, kuhusu upendeleo, kuhusu mtu wa nje. Hapo gerejini yote yalikuwa upuuzi.

"Niliogopa wataniona nakupendelea," alisema.

Milan alitikisa kichwa, akavuta buti la pili. "Hakuna mtu aliyekuwa anakutazama, baba," alisema. Hakupaza sauti. Akachukua buti zake, akaingia ndani.

*

Kwa akina Petrak, chakula cha mkesha huanza nyota ya kwanza ikionekana. Ni desturi iliyokuja na bibi yao kutoka ng'ambo. Kuna supu ya uyoga, na kuna kaki nyembamba kutoka kanisani za kupaka asali. Baba huchovya kidole kwenye asali, akamchora kila mtu msalaba kwenye paji la uso, kisha wanavunjiana kaki na kuombana msamaha wa mwaka mzima. Hamgusi supu kabla hamjasameheana.

Emil alimchora Loretta. Alimchora Milan, aliyelazimika kuinama, na msalaba ukaenda upande. Loretta akainua kaki yake.

"Mimi nimewasamehe wote. Hata Bernie Kosko na viazi vyake. Ila yule mwenye nambari, Mungu anisamehe, simwezi. Amekula mwaka wa mwanangu. Simwezi."

"Loretta," Emil alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mkaguzi. Mia nne kumi na saba. Ni mimi niliyemwandikia."

Loretta alimtazama kwanza kwa kutoelewa, kisha akaelewa, na kaki ikavunjika mkononi mwake.

"Ulimwandikia mwanao?"

"Ndiyo."

"Nikakuita kutoka hapa jikoni. Nikakulilia hapa hapa. Ukafungua friji ukafunga."

"Ndiyo."

"Mnyama," alisema Loretta, kwa sauti ya chini kabisa, na akasukuma kiti ainuke. "Siwezi kulala nyumba moja na..."

"Mama." Milan alimshika mkono. "Kaa. Yule mtu alikuwa wangu."

Emil aliinua kichwa.

"Nilimwacha," Milan aliendelea, tena bila kupepesa macho. "Nilisinzia, mama. Nilikwenda kulia wakati kazi yangu ilikuwa kushoto. Baba aliandika alichokiona. Ulitaka aandike uongo kwa sababu ni mimi?"

Loretta alimtazama mwana, akamtazama mume. Machozi yalikuwa yakidondoka kwenye asali mezani.

"Ni kweli, Emil? Mtoto alikosea?"

Milan alimwangalia baba yake. Ni mtazamo ambao walinzi hupeana kabla mpira haujaanza, wakati hakuna anayeruhusiwa kusema. Emil alikuwa amekuja mezani kusema ukweli, na ukweli ulikuwa umebaki nusu, ile nusu ya kumsafisha mwanawe. Neno moja tu lilihitajika. Hapana.

"Kweli," alisema Emil. "Alikosea."

Wapo watakaosema aliiokoa ndoa yake. Mimi nasema aliogopa, na kwamba hiyo ilikuwa mara ya pili kumwandikia mwanawe kutoa mbili, safari hii akijua.

Loretta alikaa. Akalia kidogo zaidi, kwa namna nyingine sasa, akampigapiga Milan mgongoni kama alivyokuwa akifanya zamani alipoanguka baiskeli. "Basi, mwanangu. Basi. Kila mtu anakosea," alisema. "Tuleni, supu inapoa."

Milan alivunja kaki yake katikati, akanyoosha mkono juu ya meza.

"Nisamehe, baba," alisema, kama desturi inavyotaka.

Emil alipokea kile kipande. Akakitia mdomoni. Kilikuwa chembamba kama karatasi, na alikaa nacho ulimini mpaka wenzake walipomaliza supu.